Majarida ya mtandaoni hufa kimya. Letu tunalilinda hivi

Kuanzisha jarida la fasihi mtandaoni ni rahisi kuliko kupata keja karibu na steji. Unahitaji simu, bando ya wiki na jina ambalo hakuna mwingine amelichukua. Ukianza saa mbili usiku, kufikia saa nne tayari wewe ni mhariri mkuu. Asubuhi mabeste wanakupongeza kwenye WhatsApp, mashairi matatu yanaingia kwa barua pepe, na wewe unaanza kutembea kama mtu wa maana.

Kazi yenyewe huanza mwezi wa nane hivi. Mabeste wamenyamaza. Yule wa kuchora amepata kazi Industrial Area na anarudi saa tatu usiku akiwa hoi. Mashairi yamefika mia moja na ushee, na karibu yote yanamhusu mtu aliyeachwa. Halafu kampuni inayokutunzia tovuti inakuandikia kwa adabu: mwaka unaisha, lipa ama jina lirudi sokoni.

Wengi huachia hapo. Hakuna tangazo, hakuna matanga. Siku moja tu unabonyeza kiungo cha hadithi uliyoipenda sana, unapata ukurasa mweupe. Ama unapata watu wa kamari wameshanunua jina lile na wanakukaribisha kwa bonasi ya kujiunga.

Mimi na wenzangu wawili tunaendesha jarida la aina hiyo kutoka keja moja hapa Kahawa Wendani. Hatuna ofisi. Tuna laptopu mbili, moja yenye betri inayokufa kila stima ikipotea, na meza ambayo pia ndiyo ya kukatia sukuma. Watu hutuuliza kila siku: nani atasoma? Mimi naona swali gumu ni lingine. Nani atatunza?

Mtaa wa makaratasi

Wendani ni neno la Kikuyu, maana yake ni kupendana. Kwenye ramani tuko eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, ingawa ukimuuliza mtu wa hapa atakwambia anaishi Nairobi. Ukivuka Thika Road unafika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kile kilichoanzia kwenye kambi ya jeshi ya Templer ambayo Waingereza waliikabidhi serikali mwaka wa 1965. Ndiyo maana ploti za huku zimejaa bedsita, saiba na vibanda vya smocha. Na ndiyo maana waandishi hawakosekani. Kila ploti ina msee mmoja mwenye daftari.

Kuna jirani mwingine ambaye watu hawapendi kumtaja: gereza la Kamiti. Si mbali na hapa. Mle ndani viliandikwa vitabu viwili ambavyo kila mhariri kijana anafaa kujua historia yavyo.

Cha kwanza ni Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alikuwa na miaka 22 alipoandika kijitabu kilichosambazwa kwa siri mwaka wa 1968, Kenya: Twendapi?. Akafungwa miaka mitatu kwa uchochezi. Gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalitoka kama kitabu mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Cha pili ni Caitaani Mũtharaba-inĩ cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 baada ya ule mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, hapa hapa kaunti yetu. Naye pia aliandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka mwaka wa 1980.

Sasa fikiria. Karatasi ya chooni, ndani ya jela, ikafichwa, ikatoka, na leo unaweza kusoma maneno yake. Hadithi iliyochapishwa na kijana wa Nairobi miaka sita iliyopita, kwenye tovuti safi yenye picha za kupendeza, huenda huipati tena popote. Si kwamba karatasi ina nguvu kuliko seva. Karatasi zile zilikuwa na watu walioamua kwamba hazitapotea.

Tuliokuta njiani

Hatukuanza sisi, na naona ni vizuri kumjua aliyekutangulia kabla hujaanza kujiita wa kwanza.

Mwaka wa 2002 Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi yake Discovering Home. Hadithi hiyo haikuwa imetoka kwenye kitabu. Ilikuwa imechapishwa na jarida la mtandaoni. Wakati huo kuingia intaneti Nairobi kulimaanisha kukaa saiba ukihesabu dakika. Mwaka wa 2003 toleo la kwanza la Kwani? likatoka, la karatasi, na ndani yake mlikuwa na hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor, Weight of Whispers, iliyoshinda Caine mwaka uo huo. Toleo moja, ushindi mmoja. Ungekuwa wewe ungelala?

Jalada ikafuata. Ilizaliwa baada ya warsha ya waandishi vijana iliyofanyika Nairobi mwaka wa 2013, na Januari 2014 ikatoa mkusanyiko wake wa kwanza mtandaoni. Wale hawakuwa na jengo. Walikuwa waandishi wa nchi tofauti waliofanya kazi kwa barua pepe. Machi 2016 walitoa hadithi ya Ngũgĩ, Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, ikiwa imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30, na baadaye idadi hiyo ikapita 100. Mwaka wa 2017 wakapanda basi wakazungusha tamasha lao miji ya Afrika Mashariki.

Mwaka huo wa 2016 ikaja Enkare Review, ya vijana wa Nairobi, ambayo haikudumu miaka mingi. Lakini mmoja wa waanzilishi wake, Troy Onyango, akaanzisha Lolwe mwaka wa 2020. Jina ni la Kijaluo, la ziwa ambalo ramani huliita Victoria.

Ukitaka kujua majarida haya madogo yana nguvu gani, angalia orodha ya fainali ya Caine ya 2021. Hadithi zilikuwa tano. Ya Rémy Ngamije, mwanzilishi wa jarida la Doek! la Namibia, ilikuwa imechapishwa na Lolwe. Ya Troy Onyango wa Lolwe ilikuwa imechapishwa na Doek!. Ya Doreen Baingana wa Uganda ilikuwa imetoka kwenye Ibua Journal ya Kampala. Tatu kati ya tano zilitoka kwenye majarida ya Afrika ambayo mtu angeweza kuyasoma kwa simu akiwa kwenye mat ya Githurai. Mshindi alikuwa Meron Hadero wa Ethiopia, lakini ujumbe tuliupata.

Na kuna jambo ambalo waandishi wengi wa mtaani hawalijui. Tuzo kama ile hazikutaka mwandishi ajipeleke. Hadithi ilipelekwa na mchapishaji. Kwa hivyo kijana wa Wendani mwenye hadithi kali lakini bila mchapishaji hakuwa hata na mlango wa kubisha. Jarida dogo ndilo mlango.

Neno "huru" lina bei

Kila jarida la vijana hujiita huru. Na sisi pia. Lakini huru kutoka kwa nani?

Mwaka wa 1961 kijana mmoja wa Kampala, Rajat Neogy, alianzisha Transition. Lilikuwa jarida moto sana enzi hizo. Wakubwa wa fasihi ya Afrika waliandika humo na kugombana humo. Miaka michache baadaye ikafichuka kwamba Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa likilisaidia kwa pesa, lilikuwa likipokea fedha za CIA ya Marekani. Neogy alisema hakujua. Kabla vumbi halijatulia, mwaka wa 1968 serikali ya Milton Obote ikamkamata kwa sababu jarida lilichapisha maandishi ya kukosoa katiba mpya ya Uganda. Alipotoka alihamishia jarida Ghana.

Mimi hupenda kisa hicho kwa sababu hakina malaika. Anayekulipa anaweza kukutumia bila wewe kujua, na asiyekulipa anaweza kukufunga. Katikati hapo ndipo mhariri anaishi.

Siku hizi wa kukufunga anaweza kutumia ada badala ya pingu. Mwaka wa 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, leseni na malipo ya mwaka, jumla ilikuwa kama Sh2.1 milioni za kule. JamiiForums, mtandao mkubwa kabisa, ulijifunga kwa muda Juni mwaka huo. Sasa mwanafunzi wa Morogoro mwenye blogu ya mashairi angetoa wapi milioni mbili?

Kwetu jaribu lilikuja likiwa limevaa suti. Kampuni moja ya kamari ilituandikia. Wangelipia tovuti na seva miaka mitatu, na juu yake watupe kitu cha kuwalipa waandishi. Sharti lao lilikuwa dogo: kila toleo liwe na hadithi moja ya "kijana aliyebadilisha maisha yake". Tulijua wanamaanisha kijana wa aina gani.

Tulikaa usiku mzima tukibishana. Mwenzangu wa mashairi alisema kitu ambacho sijakisahau.

"Skia," aliniambia, "hadithi nne kati ya kumi tunazopokea zina ndugu aliyepoteza karo kwenye simu. Tutazipanga wapi? Ukurasa wa kushoto, tangazo kulia?"

Wa kuchora hakukubali. Alisema njaa haisomi mashairi, na kwamba tungeweza kuchukua pesa na kuendelea kuandika tunachotaka. Tulipiga kura. Mbili kwa moja, tukakataa. Aliyeshindwa bado yuko nasi, na kila tokeni za stima zikiisha hunitazama bila kusema kitu.

Mchana ni ploti, usiku ni jarida

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma. Mchana niko saiba, nachapia watu CV, nawajazia fomu za HELB na eCitizen, na Juni ikikaribia kwisha nawasaidia kupeleka ritani za KRA hadi macho yanawaka. Mathe huniuliza kama jarida linalipa. Namwambia bado. Yeye hujibu kwamba hata shamba huanza kwa jembe, lakini mwenye jembe hula nini akisubiri mvua?

Basi wacha nikuonyeshe hesabu zetu, maana watu wa sanaa hupenda kuficha hapo.

Toleo hutoka kila baada ya miezi miwili, likiwa na kazi nane: hadithi, mashairi, insha moja na mfululizo wa picha. Tuna wasomaji 41 wanaotutumia Sh100 kila mwezi kwa M-Pesa. Hiyo ni Sh8,200 kwa kila toleo. Kila mwenye kazi tunamlipa Sh500, jumla Sh4,000. Bando ya miezi miwili inakula Sh2,000. Inabaki Sh2,200, na kwa mwaka mzima hiyo ni Sh13,200. Jina la tovuti na seva vinachukua kama Sh7,000. Kinachobaki ni cha dharura na cha kuchapisha nakala chache za karatasi. Sisi wahariri hatujilipi.

Mia tano si pesa, najua. Ni mlo wa siku mbili ukijibana. Lakini mwandishi anaipata siku ileile kazi yake inapotoka, na anapata ujumbe wa M-Pesa ambao anaweza kumwonyesha mzazi wake. Kijana mmoja wa Githurai 45 alituambia babake hakuwahi kusoma shairi lake hata moja, lakini ule ujumbe aliusoma mara mbili.

Kuhariri si kusahihisha tahajia

Kitu kinachotofautisha jarida na ukurasa wa Instagram ni kwamba kuna mtu aliyesema hapana. Na kuna mtu aliyesema "karibu, lakini rudia hapa."

Miswada tunaisoma majina yakiwa yamefichwa. Mwenzetu mmoja anaipokea, anaondoa majina, anatupatia namba tu. Wendani ni ndogo. Nusu ya wanaotuandikia tunakutana nao kwa mutura jioni. Usipoficha majina utachapisha marafiki zako na kuwaita kizazi kipya.

Tukikataa, tunajibu ndani ya wiki sita, na tunaandika sentensi mbili za kweli kuhusu kazi yenyewe. Si lile jibu la "asante, haikufaa kwa sasa." Mtu akijua kwamba mhariri alifika ukurasa wa tatu na akachokea pale mhusika alipoanza kuhubiri, atajua pa kurekebisha.

Tukikubali, ndipo kazi inaanza. Ugonjwa tunaokutana nao sana ni wa mazungumzo. Mwandishi ni wa hapa hapa Thika Road, kila siku anapanda mat, lakini akiandika hadithi makanga wake anasema, "Tafadhali abiria wapendwa, ingieni garini." Makanga gani huyo? Tunamrudishia tukimwambia aende steji, akae nusu saa, asikize. Ule utamu wa "beba wawili twende" hauko kwenye kamusi.

Ugonjwa wa pili ni wa upande wa pili. Mtu anajaza Sheng' hadi msomaji wa Nyeri ama Tanga anapotea. Hapo tunatumia kanuni moja: neno la mtaani likae pale ambapo hakuna lingine linaloweza kukaa. Na liandikwe vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuna faili ya maneno tuliyokubaliana, sasa imepita mia tatu, kila moja na maana yake na mtaa tulikolisikia.

Halafu kuna makubaliano. Ukurasa mmoja tu, lugha rahisi. Mwandishi anatupa haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, basi. Hakimiliki inabaki yake. Watu hudhani lazima ukimbie kusajili ndipo kazi iwe yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya fasihi ikishaandikwa, na ulinzi huo unaendelea hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Usajili unasaidia ukiwa na kesi, lakini kazi ni yako tangu siku uliyoiandika. Kwa hivyo ukiona jarida linataka umiliki wa hadithi yako milele kwa kukupa umaarufu tu, funga mlango polepole utoke.

Wosia wa jarida

Sasa nirudi kwa swali langu la kutunza, maana hapa ndipo wengi huteleza, na si kwa ubaya. Ni kwamba unapoanzisha kitu hupendi kufikiria kitakufa lini.

Sisi tulifikiria. Hizi ndizo njia zetu, na hazihitaji pesa nyingi.

Kwanza, jina la tovuti halijafungwa kwenye barua pepe ya mtu mmoja. Tunajua majarida yaliyokwama kwa sababu aliyekuwa na nywila alisafiri, ama walikosana naye. Letu lina barua pepe ya pamoja, na watu wawili wanaijua nywila.

Pili, kila kazi ikishatoka tunaihifadhi kama maandishi matupu, bila mapambo, pamoja na PDF. Nakala tatu: laptopu, hifadhi ya mtandaoni, na flashi inayokaa nyumbani kwa mathe kwenye kabati la vikombe vya wageni. Programu za kutengeneza tovuti hubadilika kila mwaka. Maandishi matupu yatafunguka hata kwenye mashine ambayo bado haijatengenezwa.

Tatu, kila ukurasa tunaupeleka kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, shirika la Marekani ambalo limekuwa likihifadhi kurasa za wavuti tangu 1996. Ni bure. Unabandika anwani, unabonyeza, unasubiri. Inachukua dakika moja kwa kila hadithi. Ukiwa na blogu yako binafsi, fanya hivyo leo kabla hujalala.

Nne, tunachapisha nakala kumi za karatasi pale saiba, tunazibana kwa stepla, kila mwandishi wa toleo anapata yake na mbili zinabaki kwetu. Si za kuuza. Ni za siku ambayo mitambo yote itakuwa imegoma.

Tano, kwenye yale makubaliano kuna aya ya mwisho ambayo waandishi wengi husoma wakacheka. Inasema tukifunga jarida, tutatangaza miezi mitatu kabla, tutamtumia kila mwandishi faili yake, na jina la tovuti tutalilipia mwaka mmoja zaidi ili viungo visife ghafla. Akiba yetu ya dharura kazi yake ya kwanza ni hiyo. Mwandishi mmoja alituuliza kama tunapanga kufa. Tulimwambia hapana, lakini hata mzee mwenye afya huonyesha watoto mpaka wa shamba.

Kwa nini Kiswahili

Majarida mengi niliyotaja yanachapisha zaidi kwa Kiingereza, na siwalaumu. Tuzo, wafadhili na wasomaji wa nje wako huko. Caine yenyewe husoma kazi za Kiingereza, ama zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa upande wetu kuna tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, ambayo imeinua waandishi wengi. Lakini ile ni ya miswada mizima. Mwandishi wa hadithi ya kurasa tano, tena mwenye miaka 20, anaanzia wapi?

Zamani alianzia gazetini. Mambo Leo ya Tanganyika, iliyoanza mwaka wa 1923, ilichapisha mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa waliotuma. Hadi leo magazeti ya Kiswahili yana kurasa za ushairi ambako malenga hujibizana wiki baada ya wiki. Sisi tunajiona kama watoto wa kurasa zile, waliohamia kwenye simu na wakaacha kuhesabu mizani.

Na kuna sababu nyingine, ambayo ni ya kutunza vilevile. Lugha ya Wendani ya mwaka huu haitakuwepo miaka kumi ijayo. Maneno ambayo mabinamu zangu wakubwa walitumia, leo ukiyasema unachekwa. Kiingereza kina maktaba zake za kukitunza. Namna msichana wa Kahawa Sukari anavyomtongoza mvulana kwa ujumbe wa sauti, ama namna mama mboga anavyokataa deni bila kukukosea heshima, ni nani anayeiandika? Hadithi nzuri ya leo ni rekodi ya jinsi tulivyoongea, na ikipotea na tovuti, hakuna atakayeweza kuikumbuka vile ilivyokuwa.

Ukitaka kuanza lako

Usianze na nembo. Anza na hadithi tatu ambazo ungeumia zikipotea. Tafuta mwenzako mmoja anayejua kukataa kazi mbaya, na mwingine anayejua hesabu. Amueni kabla pesa haijaja ni pesa ya nani hamtaichukua, kwa sababu ikishafika mezani macho hubadilika. Mlipeni mwandishi kitu, hata kama ni cha soda, na kama hamna, mwambieni mapema hamna.

Msiahidi toleo la kila wiki. Kila miezi miwili inatosha, hata mara moja kwa mwaka. Msomaji huvumilia jarida linalochelewa. Lile linalotoweka na hadithi yake ndilo hulisahau kwa hasira.

Na kama tayari unalo, lakini limelala tangu mwaka juzi na unaona haya kulifungua, lifungue leo. Si lazima ulifufue. Toa kazi za watu humo, zihifadhi, watumie wenyewe. Kuna msee mahali fulani Ruiru ama Juja ambaye shairi lake la kwanza liko kwako tu, na hana nakala.

Toleo letu lijalo linatoka mwezi ujao. Tumepokea miswada 63, nafasi ni nane, na mwenzangu wa mashairi ameshaanza kulalamika kuhusu walioachwa. Jina la tovuti linaisha Agosti. Kengele nimeiweka ilie Julai, kwenye simu zote tatu.